Tabasamu Alilolipiga Salimu

Nyinyi vijana mnaokuja barazani kwangu hapa Likoni na simu zenu, mkitaka niwatazamie filamu mlizopiga, leo nataka kuwaambia jambo kabla hamjanionyesha nyingine hata moja. Mimi ni mtu wa wivu. Si wivu wa mali wala wa nyumba. Jirani akijenga ghorofa nampa hongera na karamu yake naila. Wivu wangu ni wa picha. Nikiona picha nzuri iliyopigwa na mtu mwingine, chai siimalizi. Mmeshanisikia mara nyingi nikisema "si mbaya" kisha nikageukia upande mwingine. Basi mjue leo: nikisema "si mbaya", maana yake ni nzuri mno na imenikera.

Wivu huu ulianza na mtu mmoja, naye aliitwa Salimu.

Miaka ile ya mwisho ya ukoloni, mimi na Salimu tulikuwa wapiga filamu wa gari la sinema. Mchana tulipiga filamu fupi za mafunzo: usafi wa visima, kufuga kuku, kupanda minazi. Watu wakishaswali isha, tulizionyesha uwanjani, leo Likoni, kesho Changamwe, keshokutwa Kisauni. Mikanda ilikwenda Nairobi kwa treni kusafishwa na ilirudi baada ya wiki kadhaa, kwa hivyo kosa la leo ulilijua ukiwa umeshalisahau. Nyinyi mnakosea na kufuta papo hapo. Sisi raha hiyo hatukuijua, ila pia hatukupiga ovyo, maana mkanda ulikuwa ghali na kamera yenyewe ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani. Ukishaujaza ufunguo, springi ilikwenda kwa muda mfupi tu, kisha ikalegea na kamera ikasimama. Amri ya kazi ilikuwa piga kidogo, acha, fikiri.

Amri hiyo ilikuwa ya Fundi Hassanali, mkuu wetu, mzee mtafuna tambuu aliyekuwa na karakana Changamwe karibu na reli. Yeye ndiye aliyekata mikanda na kuiunga kwa gundi. Hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Ukikosea, aliiunga picha yako vilevile ilivyo, akaipeleka uwanjani ili watazamaji wakufundishe wao. Na watazamaji wa pwani hii yetu, wallahi, hawana huruma.

Mimi walinifundisha hapa hapa Likoni. Nilitumwa nipige abiria wa feri. Upande huu nilisimama kulia kwa njia, watu wakapita mbele yangu kutoka kushoto kwenda kulia wakiingia chomboni. Tulipofika ng'ambo kisiwani, jua lilikuwa kali, nikakimbilia upande wenye kivuli, nikawapiga walewale wakishuka. Sikujua kwamba sasa walikuwa wakipita kutoka kulia kwenda kushoto. Siku ya kuonyesha, shuka letu la sinema likawaonyesha watu wanaingia feri wakielekea huku, kisha wanatoka wakielekea kule walikotoka. Mtu mmoja mbele akapiga ukelele, "Mbona wamerudi? Feri imeharibika?" Mwingine akamjibu, "La, wamesahau mzigo!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya gari nikitamani ardhi inimeze.

Njiani kurudi Fundi Hassanali akatema tambuu, akasema, "Bakari, kuna kamba. Imefungwa toka mtu anapotoka mpaka anapokwenda. Huioni, lakini iko. Simama upande mmoja wa kamba, usiiruke."

Salimu kamba hiyo hakuiruka hata siku moja, wala hakuna aliyemwambia kwamba iko. Aliijua tu, kama mtu anavyojua njia ya kwao. Mimi nilipanda ngazi kumpiga mzee wa mtaa akihutubia, nikadhani nimefanya la maana, kumbe kumpiga mtu kutoka juu ni kumfupisha. Mzee wa watu akatokea kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi. Wiki ile ile Salimu alimpiga mzee mwingine kule Changamwe, yeye akachutama chini na kamera magotini, na mzee wake akasimama mbele ya mbingu kama mnara wa msikiti. Watu wakamsikiliza mzee wa Salimu. Wangu wakamcheka. Na maneno waliyosema wazee wote wawili yalikuwa yale yale, yaliandikwa na mtu mmoja.

Jueni basi: maneno huyasema mtu, lakini kama yasikizwe au yachekwe, huamua kamera.

Sasa nije kwa Zuhura.

Zuhura alikuwa binti wa Maalimu Shee, mwalimu wa chuo cha Kurani huko Mishomoroni, Kisauni. Mama yangu, Bi. Mwanakombo, alikuwa amekwenda kuposa kwa niaba yangu, na posa ilikuwa imepokewa vizuri ila haijafungwa. Mimi nilikuwa nimemwona Zuhura mara chache tu, kwa adabu, tena mbele za watu, na zilinitosha kunikosesha usingizi. Jambo nililolitaka duniani wakati ule lilikuwa hilo moja, nimuoe Zuhura, na jambo nililolihofia ni nisije nikamkosa.

Ikaja amri ya filamu ya maji: wafundishwe watu kuchemsha maji ya kisima kabla ya kunywa. Fundi Hassanali akataka nyumba safi na msichana mwenye heshima. Maalimu Shee, aliyeliona jambo lina manufaa kwa Waislamu na wasio Waislamu, akasema, "Mpigeni binti yangu, nyumbani kwangu, shangazi yake akiwepo, na atakayempa maji awe babu yake mzaa baba." Nilipopata habari hizo nilifurahi kupita kiasi. Nilijua kamera nitapewa mimi. Nani mwingine apewe?

Alipewa Salimu.

"Wewe shika ubao," Fundi akaniambia, bila hata kunitazama.

Ubao ulikuwa wa kurudishia mwanga. Tuliutengeneza wenyewe, kwa kubandika juu yake karatasi za kung'aa kama fedha zinazotandikwa ndani ya makasha ya chai. Kasha likishaisha chai, sisi tulibandua karatasi. Ukiuelekezea jua, ulitupa mwanga ndani ya nyumba mpaka pembeni kabisa. Basi nikasimama uani kwa Maalimu Shee, juani, na ubao mikononi, nikimmulikia mwenzangu mchumba wangu.

Wakapiga picha ya mtungi. Wakapiga sufuria jikoni likitokota. Kisha babu akaketi kwenye kigoda, Zuhura akamletea bilauri ya maji na kumpa kwa mkono wa kulia kama alivyolelewa, babu akanywa. Muadhini akaadhini adhuhuri, babu akainuka kwenda kuswali. Salimu akasema bado anataka picha moja, uso peke yake. Akaiweka kamera pale pale kwenye kigoda cha babu, akapiga magoti nyuma yake, akasema neno ambalo sikulisikia kwa sababu nilikuwa mbali. Zuhura akainua macho akatabasamu.

Hapo kamera ikaanza kulia ile sauti yake, na haikuacha. Nikangoja aiache, hakuiacha. Aliuachia ufunguo ukaenda mpaka ukalegea wenyewe. Nyinyi hamjui maana yake. Kwa mtu wa kazi yetu, kuumaliza ufunguo mzima kwa uso wa mtu mmoja ni sawa na kumwandikia barua ya mapenzi. Mikono ilinitetemeka kwa hasira hata ubao ukatikisika.

Mkanda ulipotoka Nairobi tukautazama karakanani. Ilipofika ile picha ya uso, Fundi Hassanali akaacha kutafuna. Mwanga ulikuwa ukicheza usoni mwa Zuhura, ukipanda na kushuka shavuni, kama mwanga wa maji unaorudi ukutani. "Ajabu," Fundi akasema. "Salimu, umefanyaje? Maji yenyewe hayamo kwenye picha, lakini nayaona usoni mwake." Salimu akatabasamu tu. Nami nikakaza meno, kwa sababu maji yale yalikuwa ni mikono yangu.

Nikamwambia Fundi, "Hapo pamezidi urefu. Kata."

"Kwa nini?"

"Somo ni maji, si uso."

Fundi akanitazama, kisha akachukua gundi. Akaiunga ile picha ya uso baada ya picha ya mbuzi mmoja tuliyempiga kule Mwakirunge akinywa mtungini. Akaizungusha mashineni. Mbuzi anakunywa, Zuhura anatabasamu: akawa msichana mwenye dhihaka, anayefurahi watu wanyweshwe maji ya mbuzi. Akabandua, akauweka uso baina ya picha ya bilauri na ya babu akinywa. Sasa akawa mjukuu anayemtakia babu yake uzima. Tabasamu ni lile lile.

"Uso peke yake hausemi," Fundi akasema. "Jirani yake ndiye anayeusemea. Hapa patakaa hivi hivi, kwa urefu wake wote."

Mjifunze hilo, ni ilimu kubwa. Lakini nawaambieni kweli, siku ile halikunipoza moyo, bali liliuwasha. Wengine wote waliuona uso, kisha babu, wakaamini kwamba anamtazama babu. Mimi nilikuwepo. Nilijua babu alikuwa msikitini. Pale kwenye kigoda palikuwa na Salimu.

Filamu ikaonyeshwa kwanza Mishomoroni kwenyewe, na mama akavuka kutoka Likoni kwenda kumtazama mkwe wake mtarajiwa. Inafaa mjue tulivyokaa siku zile. Shuka jeupe lilitundikwa katikati ya uwanja baina ya miti miwili. Gari lilisimama upande mmoja, na wanaume wakakaa mbele yake. Wanawake, kwa stara, walikaa upande wa pili, nyuma ya shuka. Shuka lilikuwa jepesi, picha ilipita, wakaona sawasawa na wanaume. Hivyo ndivyo tulivyofikiri sote, na Fundi Hassanali akiwemo.

Wanaume walisifu. Maalimu Shee alipewa mikono. Nikaenda kumchukua mama nikitarajia dua, nikamkuta amejifunika buibui mpaka machoni, hataki kuongea. Tulipofika nyumbani akakaa kitako mkekani.

"Mwanangu," akasema, "yule simtaki."

Nikadhani ameliona lile tabasamu. Nikaanza kumtetea Zuhura, huku mwenyewe moyo unaniuma.

"Sisemi tabasamu. Mimi n'na mato. Nimemwona yuwampa babuye maji kwa mkono wa kushoto, mbele ya ulimwengu mzima, tena kwa raha zake. Siku nimelala kitandani sijiwezi, mke wa hivyo atanipa nini? Na si mimi pekee. Wake wa Mishomoroni wote walishika vinywa. Binti wa mwalimu wa chuo!"

"Mama, alimpa kwa kulia. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo, lakini mimi nimeona."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda Mishomoroni na nikakuta maneno yameshatangulia. Visimani hapasemwi jingine. Zuhura alikuwa amejifungia chumbani, na Maalimu Shee, ambaye aliona mkono wa kulia kwa macho yake, alikuwa akigombana na dada yake mwenyewe, yule shangazi, aliyeona wa kushoto kwa macho yake pia. Tena shangazi siku ya kupiga filamu alikuwepo uani, akaona kwamba ni kulia, sasa akadai kwamba nyuma yake tulirudia tukamharibu mtoto.

"Nyinyi wa kamera mnadhani sisi hatujui kutazama?" akaniambia. "Mimi natazama kila kitu. Hata Kizungu chenu nimekitazama. Kumbe nacho huandikwa kuanzia kulia, kama chetu!"

Nikamwomba arudie. Akarudia. Maandishi ya mwanzo wa filamu, yale ya jina lake, yalianzia kulia kwake, yakaishia kushoto. Naye, aliyezoea kusoma Kiarabu, hakuona ajabu yoyote. Hakuna aliyeona ajabu miaka yote ile. Na filamu za zamani zilikuwa za matrekta na za Wazungu mezani. Mzungu akila kwa kushoto nani atashangaa? Zuhura alikuwa wa kwanza kwenye shuka letu ambaye mkono wake ulikuwa na haja ya kutazamwa. Kumbe wake zetu na mama zetu walikuwa wameziona filamu zetu zote kinyumenyume, kulia ikawa kushoto, na sisi mafundi tulikuwa tumekaa mbele tukijisifu.

Nikamweleza mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mkono ni mkono, na shuka si pilipili ibadilishe ladha. Hakuamini, na mimi sikumlaumu. Jambo la macho halifutwi na maneno. Ilibidi aone tena, toka mbele. Lakini wanawake hawatakuja kukaa mbele na wanaume, na wanaume hawatakubali kupelekwa nyuma.

Nilichelewa kumwambia Salimu kwa sababu sikutaka anisaidie. Mtu akikuibia tabasamu, hutaki akutafutie mke. Lakini alisikia mwenyewe, akanijia karakanani.

"Bakari ndugu yangu," akasema, "shuka hatuligeuzi. Watu hatuwageuzi. Lakini gari lina magurudumu."

Jepesi hivyo! Nilikesha nikilitafuta jambo hilo, na yeye akalipata akiwa anafuta lenzi. Nilimshukuru kwa mdomo, na moyoni nikazidi kumchukia.

Maalimu Shee akaridhia. "Binti yangu amesemwa uwanjani," akasema, "na asafishwe uwanjani." Jioni yake tukalileta gari upande wa wanawake, tukafunga milango, tukaning'iniza pazia, lenzi ikachungulia peke yake kwenye upenyo ili sisi na wanawake tusionane. Wanaume walikuja mapema wakakaa pale pale pao pa siku zote, wasijue kwamba leo wao ndio wako nyuma.

Filamu ikaanza. Upande wa wanaume yakatoka manung'uniko, eti maandishi yameharibika. Ukafika mtungi, likafika sufuria, ikafika bilauri. Mzee mmoja, rafiki wa babu yake Zuhura, akaruka kutoka kwenye mkeka. "Astaghfirullahi! Juzi alimpa kwa kulia, leo mbona kushoto?" Papo hapo upande wa wanawake kikalipuka kicheko ambacho sijapata kusikia mfano wake. Kilianza kwa shangazi. Vigelegele vikafuata. Wanawake wakawapigia kelele wanaume kupitia shukani, "Mwaona sasa! Na sisi mwatuonyesha hivyo hivyo siku zote!"

Niliposhuka garini mambo yalipotulia, mama alikuwa akinisubiri kando ya mlango.

"Kulia," akasema. "Nimeona. Mwenyezi Mungu anisamehe." Akajitanda buibui lake vizuri. "Bakari, picha ile ya uso kaipiga nani?"

"Salimu."

"Yuwampenda?"

"Nani?"

"Huyo aliyeipiga. Mtu hamtazami mtu hivyo bure." Kisha akashusha sauti. "Mimi mkono umeniridhisha, na posa naifunga kesho inshallah. Hilo jingine kamuulize mwenyewe mwenye uso."

Tukaoana. Sikumuuliza. Nilishindwa, kwa sababu jibu moja kati ya mawili lingenimaliza. Na adhabu yangu ilikuwa kazi yangu mwenyewe, kwani filamu ile ilipendwa ikazungushwa pwani nzima, na mashine niliiendesha mimi. Niliketi ndani ya gari Changamwe, Likoni, Mkomani, nikamtazama mke wangu akimtabasamia Salimu mbele ya umma. Watu wakasema, "Ah, anavyompenda babu yake!" Nikirudi nyumbani nikimkuta Zuhura anakuna nazi, nilimtazama nikitafuta tabasamu lile. Alinitabasamia, ndiyo, kwa uzuri. Lakini si lile. Lile alikuwa nalo Salimu, kwenye kopo la bati, karakanani.

Kuna leso mama alinunua wakati huo yenye maneno haya: Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Hakunipa sababu ya kuinunua. Na kukonda nilikonda.

Siku za uhuru zikaja. Bendera zikabadilishwa, na sisi wawili tukatumwa kwenye uwanja mmoja, kila mmoja na kamera yake. Nikasema leo ndiyo leo. Nikaivuta bendera karibu, nikaijaza ndani ya picha ikipanda na upepo ukiitandaza, nikaumaliza ufunguo mzima. Mikanda ilipotoka Nairobi tukazitazama picha. Yangu ilikuwa safi, rangi haikuwemo lakini kila uzi ulionekana. Ikaja ya Salimu. Bendera hakuipiga kabisa. Aliipa mgongo, akawapiga watu walioitazama: mchukuzi wa bandarini mdomo wazi, mama aliyembeba mtoto na kumwinua, mzee mmoja ambaye machozi yalimshuka na hukujua ni ya furaha au ya ile bendera iliyoshushwa. Fundi Hassanali, ambaye alikuwa amekwisha kuzeeka, akasema, "Bakari amepiga kitambaa. Salimu amepiga uhuru."

Siku hiyo nikatoka karakanani bila kuaga, nikaiacha hata kamera mezani, nikaenda nyumbani moja kwa moja. Zuhura alikuwa uani anapepeta mchele. Nadhani aliona uso wangu, maana aliuweka ungo chini.

"Zuhura," nikasema, "siku ile ya filamu ya maji. Ulipoinua macho. Babu yako alikuwa ameshakwenda msikitini. Pale palikuwa na Salimu."

"Palikuwa na Salimu," akasema.

"Basi tabasamu lile lilikuwa lake."

Nikaona anafikiri kama anijibu au anihurumie, na nikaogopa kuliko nilivyopata kuogopa.

"Bwanangu," akasema, "yaani miaka yote hii ndilo linalokukondesha?"

"Nijibu."

"Salimu alinambia nisitazame kamera, nitazame nyuma yake, uani. Alinambia: 'Mtazame bwana harusi wako pale juani. Amenuna kama aliyefika karamuni pilau ikiwa imekwisha.' Nikakutazama. Ulikuwa umenuna kweli, umeukumbatia ubao, jasho linakutoka. Nikasema moyoni, huyu mtu ananipenda mpaka amekuwa mjinga."

Nilikuwa nimeitazama picha ile zaidi ya mtu yeyote katika pwani hii. Nilijua imepigwa kutoka kimo gani, kwa lenzi gani, saa ngapi ya mchana. Na muda wote huo sikuwa nimejua kwamba macho yale hayakusimama kwa Salimu. Yalimpita begani yakaja kwangu.

"Ulikuwa ukinicheka mimi," nikasema.

"Nikamcheke nani mwingine?"

Akaangua kicheko, mikono yote miwili mdomoni na mchele ukimwagika kutoka kwenye nguo yake, na lile tabasamu likatoka nyuma ya vidole vyake, lile lile lenyewe, kwa jua la alasiri lililokuwa likimpiga upande mmoja wa uso. Nikasimama pale nikimtazama. Kamera nilikuwa nimeiacha Changamwe.